Siku Matiri Ilipokosa Mnyama Mgonjwa

TANGAZO. Ng'ombe wote, nguruwe wote, mbuzi, kondoo, kuku, bata na mbwa wa kata ya Matiri, pamoja na paka wasiojulikana ni wa nani, mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Bunge la Jamhuri ya Muungano limekaa, limejadili na limepitisha sheria mpya ya veterinari. Sheria ya zamani, ile tuliyoachiwa na mkoloni pamoja na kofia zake, imestaafishwa. Kuanzia sasa ni marufuku mnyama yeyote kuumwa ovyo. Mnyama atakayejisikia vibaya ahakikishe kwanza kwamba anayemsogelea na sindano jina lake limo kwenye daftari. Asiyejua kusoma aulize jirani.

Tangazo hili halikubandikwa popote, na ndiyo maana wanyama wa Matiri waliendelea mwaka mzima wa 2004 kutibiwa na yule yule waliyemzoea, Mama Hedwiga mwenye ndoo.

Hedwiga alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, na mikono myembamba iliyozidi urefu wake, kana kwamba fundi alikosea vipimo akaona aibu kurudia. Mikono hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alipokuwa msichana alikuwa anaosha madebe ya maziwa kule misheni. Bruda mmoja, mtawa Mjerumani, msimamizi wa ng'ombe, alikuwa na elimu yote ya duniani kuhusu uzazi wa ng'ombe, lakini mkono wake ulikuwa mnene kama gogo la mkaratusi. Ndama akikwama, elimu inabaki nje. Siku moja Bruda akatazama huku na huku, akamwona Hedwiga anasugua debe, akamwita. "Wewe. Nawa mpaka begani." Hivyo ndivyo alivyoingia kwenye taaluma ya veterinari, kwa mlango wa nyuma, tena wa ng'ombe.

Alifanya kazi na Bruda miaka kumi na mbili. Bruda alikuwa anaeleza, Hedwiga anafanya. Bruda alipofariki, halmashauri ikamchukua Hedwiga awe mhudumu wa mifugo, akazunguka na baiskeli ya serikali kutoka josho hadi josho. Halafu ikafika miaka ya tisini. Serikali ikaambiwa na wenye fedha zao kwamba imenenepa mno, ipungue. Nayo, kama mtu mnene aliyeambiwa apunguze mwili, ikaanza kwa kukata vidole. Hedwiga alikuwa kidole. Wakamwandikia barua ya kumshukuru, wakachukua baiskeli, wakachukua buti. Ndoo ya bati yenye namba ya serikali ubavuni hakuna aliyeikumbuka. Akajitwika, akarudi nyumbani, na kesho yake asubuhi akaamkia kwenye zizi la jirani kama kawaida, kwa sababu ng'ombe wa jirani hakuwa amepata habari kwamba serikali imepungua.

Utaratibu wake ulijulikana kila nyumba. Akifika anaomba maji ya moto. Kama hakuna maji ya moto hakuna matibabu, hata mwenye nyumba angekuwa katekista. Ananawa mara tatu mpaka begani. Sindano zake anazichemsha kwenye kisufuria ambacho mkwe wake mmoja alithubutu kukipikia maharage, na akasemwa mpaka Kwaresima iliyofuata. Akitaka kujua ng'ombe amekula nini, hamuulizi baba mwenye ng'ombe, anamuuliza mama, kwa sababu baba anamjua ng'ombe wake kama anavyojua homa za watoto wake: kwa kusimuliwa. Na siku ya kuhasi, wanaume wa Matiri walikuwa wanyenyekevu kupita siku ya maungamo. Wanasimama mbali, miguu imebanana, wakiitikia "ndiyo mama" kwa kila neno. Hakuna mtu anayebishana na mama aliyeshika koleo la kuhasia.

Mara mbili kwa mwaka alikuwa anashuka mpaka Ngumbo, kwenye Ziwa Nyasa, kuhasi mbuzi wa wavuvi, anarudi na usipa mkavu, vidagaa vya huko, ndoo tele. Huko mzee mmoja Mwanglikana aliwahi kumuuliza kwa wasiwasi kama mbuzi wa familia ya Kianglikana akihasiwa na Mkatoliki kazi itashika. Hedwiga akamjibu, "Baba, mshike miguu ya nyuma." Ikashika.

Alikuwa na kasoro moja tu, na watu walikuwa hawaipendi kabisa. Mnyama asiyepona, alikuwa anasema haponi. "Huyu mchinjeni leo mle." Au mbaya zaidi: "Huyu msimle. Mfukieni." Anasema hivyo akiwa tayari ananawa mikono, bila hata kutoa pole. Umeuza gunia la mahindi ununue nguruwe, halafu mtu anakuambia kamzike.

Hapo ndipo Salvatory alipopatia riziki.

Salvatory alikuwa kijana wa hapa hapa aliyekwenda Songea akarudi na koti jeupe, begi la ngozi na cheti. Cheti kilikuwa cha semina ya siku mbili ya kupulizia dawa mibuni, lakini kilikuwa na mhuri mkubwa, na alikikunja pale penye neno kahawa. Soko lilikuwa huria. Zamani dawa ya mifugo ilitoka serikalini, na kwa kuwa serikali yenyewe haikuwa nayo, hakuna aliyeweza kuitumia vibaya. Sasa dawa zilijaa gulioni, kati ya mitumba na betri za redio, na kila mwenye begi alikuwa daktari. Salvatory hakuwahi hata siku moja kusema mnyama haponi. "Huyu? Huyu mdogo sana kwangu!" anasema, na anachoma. Ng'ombe anaharisha, anachoma. Mbuzi anachechemea, anachoma. Kuku ametazamwa vibaya na jirani, anachoma. Sindano moja, ukoo mzima.

Mwaka 2002 homa ya nguruwe ilipoingia, Salvatory alizunguka kitongoji chote siku tatu akiwachoma wagonjwa na wazima kwa sindano ile ile. Aliwafikishia ugonjwa mlangoni, tena kwa kulipwa. Asteria, jirani na shoga wa Hedwiga, alikuwa na nguruwe saba. Wiki ya pili alikuwa na banda safi sana.

Hedwiga akaandika barua wilayani. Ilikuwa na mistari minne. "Ndugu Afisa. Huku kuna mtu anachoma nguruwe wote kwa sindano moja. Nikisikia mmetunga sheria, nitaomba mje nayo. Ni mimi Hedwiga, mhudumu wa zamani." Sheria ilipotoka, akaandika tena, hiyo hiyo, akabadili mstari wa tatu: "Nimesikia mmetunga sheria. Njooni nayo."

Jibu lilikuja Januari 2005, kwenye bahasha ya kaki, akalifungua mbele ya Asteria. Lilimshukuru kwa uzalendo wake. Likasema ni kweli, sheria mpya hairuhusu mtu ambaye hajaandikishwa kutibu mifugo. Likasema wamepekua orodha zote, jina la Salvatory halimo. Halafu, kwenye aya yake peke yake, kama mtu aliyekaa kona ya baraza: jina la Hedwiga nalo halimo.

Asteria akashika kichwa. "Dada! Umeita polisi na wewe mwenyewe una gongo uvunguni!"

"Endelea kusoma," alisema Hedwiga, aliyekuwa ameshasoma.

Barua ilisema wako watu waliofanya kazi miaka mingi bila cheti, na kwao kuna nafasi ya kuandikishwa kama wasaidizi, chini ya usimamizi wa daktari. Mkaguzi angefika Matiri Alhamisi ya pili ya Februari, amwone kwa macho yake akimhudumia mnyama mgonjwa. Akiridhika, atapendekeza jina. Asiporidhika, au asipoona kitu, Mama Hedwiga atatakiwa kuacha kazi hiyo siku hiyo hiyo, na akiendelea atafikishwa mahakamani.

"Sasa utafanyaje?" Asteria alikuwa karibu kulia. Ng'ombe wake mmoja, mtamba wa mradi wa parokia, alikuwa na mimba kubwa. Akizaa, ndama wa kwanza anakwenda kwa familia nyingine na yeye anabaki na mama na maziwa. Akifa, anabaki na kamba.

"Nitachemsha maji," alisema Hedwiga. "Aje aone. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na tano nikitazamwa na ng'ombe. Na yeye atazame."

Angeachiwa hapo, mambo yangekwenda vizuri. Lakini alikuwa na watu wanaompenda, na hao ni hatari kuliko mahakama.

Mzee Ignatio, kaka wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa kitongoji, aliitisha sengu. Sengu ni kikao chetu cha ukoo. Kila nyumba inaleta sahani yake kwa mzee, wanaume wanakula pamoja na kuamua mambo. Wanawake wanaleta ugali na mboga, wanageuka, wanarudi jikoni, na siku mbili baadaye wanafahamishwa walichoamua. Jioni ile Hedwiga mwenyewe alipeleka bakuli la kisamvu na kuliweka katikati ya wanaume waliokuwa wanajadili maisha yake. Hawakumwambia kitu. Wakamshukuru kwa kisamvu.

"Mgeni wa serikali anakuja," alisema Ignatio mama wa watu alipoondoka. "Mwenge ulipopita tulionyesha nini?"

"Mawe yaliyopakwa chokaa!" wakajibu.

"Askofu alipokuja kwa kipaimara tulionyesha nini?"

"Watoto wenye viatu!"

"Sasa huyu anakuja kupima kazi ya shemeji yangu. Tutamwonyesha ng'ombe anayekohoa? Atasema, huyu mama ana miaka thelathini hapa na wanyama bado wanakohoa! Hapana, jamani. Kila mnyama mzima aogeshwe. Kila mgonjwa afichwe. Mgeni akiona mifugo inang'aa, atajua mtaalamu yupo."

Hapo hakukuwa na mtu mjinga. Kila mmoja alikuwa amekula vizuri tu, na hoja ilikuwa nzuri kama mboga. Wakapitisha kwa kauli moja. Ignatio hakueleza kwamba na yeye alikuwa na nguruwe wake mkubwa, wa Pasaka, aliyekuwa hajala tangu jana yake.

Alhamisi ikafika. Mkaguzi akaja na gari la wilaya lililojaa tope mpaka madirishani. Aliitwa Daktari Steven, kijana wa miaka thelathini na tano, mpole, miwani, buti zake mwenyewe. Uwanja wa shule ulikuwa umefagiliwa. Nguruwe walikuwa wameogeshwa kwa sabuni ya mche na kupakwa mafuta ya nazi, wanang'aa kama wanakwaya. Mbuzi wamefungwa vitambaa shingoni. Ng'ombe wamechanwa manyoya. Watoto wa shule wakaimba. Hedwiga alisimama pembeni na ndoo yake ya maji ya moto, kisufuria, kamba mbili na kipande cha sabuni, akitazama nguruwe waliopakwa mafuta kwa macho ya mtu aliyekuta wageni wasiojulikana sebuleni kwake.

"Shikamoo mama," alisema Daktari Steven.

"Marahaba, baba. Pole na njia."

"Nimeshapoa. Tuanze. Niletewe mnyama mgonjwa."

Mzee Ignatio akasogea mbele, kofia mkononi. "Mheshimiwa, kwa furaha kubwa, hatuna."

"Hamna?"

"Hakuna mgonjwa. Kwa jitihada za mama huyu, Matiri haina mnyama mgonjwa hata mmoja. Hata mafua."

Watu wakapiga makofi. Hedwiga hakupiga. Daktari Steven akatazama fomu yake, akatazama uwanja, akavua miwani akaifuta.

"Kitongoji kizima. Mifugo mia tatu. Mwezi wa pili, mvua hii."

"Afya tele, mheshimiwa."

"Basi mimi nina tatizo," alisema mkaguzi taratibu. "Fomu inasema nimwone akihudumia mgonjwa. Kama hakuna mgonjwa, siwezi kuandika kwamba nimeona. Na kama hapa hapaumwi kitu, nitaandika nini? Kwamba pahali pasipo ugonjwa panahitaji mhudumu?"

Ukasikia makofi yakirudi mifukoni. Na hapo hapo, koti jeupe likajitokeza kati ya watu.

"Mheshimiwa daktari mwenzangu," alisema Salvatory. "Naomba nifafanue. Afya hii unayoiona ni sindano zangu. Mimi ninachoma kabla ya ugonjwa. Mgonjwa utampata wapi?" Na cheti akakitoa, kimekunjwa pale pale.

Ukiwatazama wazee wa sengu wakati ule, ungedhani wote wamekalia siafu. Walikuwa wamemchinja mtu wao kwa mikono yao wenyewe, na nyama wamempa Salvatory.

Hedwiga akaweka ndoo chini. "Shemeji," alimwambia Ignatio, "mmewaficha wapi?"

"Kina nani?"

"Shemeji."

Ignatio akatazama milima. Milima haikumsaidia. Aliyemsaidia alikuwa Asteria, aliyekuja mbio kutoka nyuma ya shule, kanga imemwanguka begani, bila kujali sengu wala mwenyekiti.

"Dada, njoo! Wamemfungia mtamba wangu kwenye banda la kahawa, walisema tumbo kubwa litaonekana kama ugonjwa! Chupa imepasuka tangu asubuhi na ndama hatoki!"

Banda la kukobolea kahawa lilikuwa tupu msimu ule, kubwa, la mabati, mlango mmoja. Lilipofunguliwa, Daktari Steven akasimama mlangoni, na inasemekana ndiyo mara ya kwanza kutabasamu siku ile. Wagonjwa wote wa Matiri walikuwa humo. Mbuzi wenye kikohozi, ng'ombe mwenye jicho lililovimba, kondoo mwenye kidonda, kuku wa mtu chini ya tenga. Nguruwe wanne wamelala kona moja. Na katikati, mtamba wa Asteria chini, miguu miwili ya ndama imechungulia nje, na hakuna pua.

Hedwiga hakwenda kwa mtamba kwanza. Alitazama kona ya nguruwe. Akasimama hatua nne kutoka kwao, hakuinama, hakugusa.

"Wamekuwa humu tangu lini?"

"Tangu jana jioni," alisema mtu.

"Pamoja?"

"Pamoja, mama. Banda ni moja."

"Mtu asiende kona ile. Aliyewaleta asiondoke hapa na viatu vyake." Halafu akageuka. "Mbuzi watoke, wafungwe kule chini, mbali na wazima. Asteria, maji mengine ya moto."

Akanawa mara tatu mpaka begani. Salvatory alikuwa ameshafungua begi. "Ipo sindano ya kusukuma," alisema. "Dakika tano, ndama nje."

"Kichwa kimegeukia nyuma," alisema Hedwiga, mkono ukiwa ndani, macho yamefumbwa kama anasali. "Ukimsukuma hivi atachanika, atakufa na ndama wake. Rudisha sindano yako kwenye begi kabla sijaiweka mahali pengine."

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka wana huzuni. Hedwiga akamrudisha ndama ndani kidogo, polepole, mtamba akipumzika naye anasukuma, mtamba akijikaza naye anangoja. Akapitisha kitanzi cha kamba nyuma ya masikio. Daktari Steven alikuwa amepiga magoti pembeni, vidole vyake vinamwasha, kalamu imesahaulika sikioni.

"Unataka nikusaidie, mama?"

"Umekuja kutazama. Lakini shika kamba hii. Usivute mpaka niseme. Wasomi mnavuta mapema."

Akashika. Akangoja. Aliposema "sasa," akavuta, "chini, baba, kuelekea miguuni kwake, siyo mbinguni," na kichwa kikaja, pua ikatokea, na ndama akateleza nje mzima mzima, dume jeusi lenye hasira. Hedwiga akamtoa ute puani, akamsugua kwa nyasi, akamwekea mama yake alambe. Asteria alikuwa amekaa chini kwenye tope, anacheka na kulia, hajali lipi ni lipi.

Makofi yalikuwa makubwa. Ignatio alinyoosha mgongo. Mambo yamekwisha, alidhani.

"Bado," alisema Daktari Steven, akijifuta mikono. Akaelekeza kalamu kwenye kona. "Nguruwe yule mkubwa, mama. Masikio yamekuwa ya zambarau, anatetemeka, damu puani. Utampa dawa gani?"

Hapo Matiri yote ikaacha kupumua. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba huu ndio mtihani wenyewe, na jibu ni jina la dawa. Jina lolote! Salvatory alikuwa nayo matatu mdomoni. Wazee wa sengu walikuwa wanamtazama Hedwiga wakimwomba kwa nyusi. Ignatio akasogea nyuma yake, akanong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Shemeji, sema dawa! Huyo ni wangu! Ni wa Pasaka!"

"Hakuna," alisema Hedwiga.

Mtu mmoja akaguna kana kwamba amekanyagwa.

"Hakuna dawa," akaendelea. "Hiyo ni homa ya nguruwe. Haichomwi, inaripotiwa. Auawe na kufukiwa, asiliwe. Hawa watatu waliolala naye tangu jana nao ni hivyo hivyo. Jana mlikuwa na mgonjwa mmoja wa homa hii. Mmekaa kikao, mkala kisamvu changu, mkatengeneza wanne." Akamgeukia Ignatio. "Na mabanda ya hapa yafungwe. Nguruwe asitoke, asiingie, hata mguu mmoja wa nyama usiende kwa jirani zetu wa Mpepai, mpaka wilaya iseme. Tuanze na banda lako, shemeji."

"Mimi mwenyekiti!"

"Ndiyo. Litakuwa rahisi kukumbukwa."

"Mheshimiwa!" Salvatory aliruka mbele, sindano mkononi, uso unang'aa. "Umesikia mwenyewe! Ameshindwa! Mimi huyo nguruwe namponyesha sasa hivi!"

Wazee wengi walikubaliana naye kimoyomoyo. Ameshindwa mbele ya mgeni, kwa swali jepesi, kwa kukosa hata kudanganya kidogo. Daktari Steven akamwomba Salvatory cheti. Akakikunjua. Akasoma kwa sauti, neno kahawa pamoja na mengine yote. Akaomba na begi, akalitia kwenye gari, akalifunga.

"Mama huyu amejibu," alisema. "Nimekuja na swali moja tu linalonihusu. Kuzalisha ng'ombe wengi wanaweza. Nilitaka kumpata mtu atakayeniambia hapana mbele ya mwenyekiti wake."

Shimo lilichimbwa nyuma ya banda, refu, kabla mvua haijarudi. Salvatory ndiye aliyepewa jembe, kwa sababu ilikuwa kazi pekee siku ile isiyohitaji cheti, na lazima tuseme ukweli: alichimba vizuri. Ignatio alisimama ukingoni na kofia kifuani, na alipoona nguruwe wa Pasaka anashushwa akafanya ishara ya msalaba. Hakuna aliyethubutu kumwambia haifai.

Kisha ukafika wakati wa fomu. Kiti hakikuwepo. Daktari Steven akaigeuza ndoo ya bati, iliyokuwa imemwagwa maji, akaikalia mlangoni pa banda, akaweka karatasi gotini na kuandika ukurasa mzima. Alipomaliza akawaomba watu watulie. Wazee wakavua kofia. Kwaya ya shule ikajipanga. Akasoma, na sauti yake ya upole ikapata uzito ambao hatukujua anao:

"Kwa kazi niliyotumwa chini ya sheria ya veterinari ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nimeshuhudia kwa macho yangu, katika kata ya Matiri, wilaya ya Mbinga, utendaji wa Mama Hedwiga. Napendekeza bila kusita jina lake liingizwe kwenye daftari la wahudumu wasaidizi wa afya ya wanyama, afanye kazi chini ya usimamizi wa daktari wa wilaya, na kutambuliwa popote anapokwenda, milimani na ziwani."

Asteria akapiga kigelegele. Ignatio, aliyekuwa amefiwa na nguruwe na kupata mtaalamu ndani ya saa moja, akamshika Hedwiga bega. Watoto walikuwa wameshavuta pumzi ya kuimba.

"Mama," alisema Daktari Steven, na macho yake nyuma ya miwani yalikuwa na unyevu kidogo, "leo taaluma yetu imekupokea rasmi. Una neno lolote?"

Hedwiga alikuwa amesimama mbele yake, mikono imenyooka pembeni, damu imekauka mpaka begani.

"Nyanyuka, baba," alisema. "Umekalia ndoo yangu, na mimi bado sijanawa."